Ghala la Kijiji Halikuandikwa Kitabuni

Lipo neno ambalo twalisikia mara nyingi katika mabaraza ya vijiji, na penginepo hata katika vinywa vya watu waliosoma, nalo ni hili: ya kwamba ule ugonjwa wa korona ulikuwa ugonjwa wa mjini, na ya kuwa sisi watu wa mashamba haukutugusa. Neno hili husemwa kwa furaha kidogo, kama mtu ajisifuye kwamba mvua ya mawe ilipiga shamba la jirani ikaruka lake. Wengine huongeza, "Sisi tulikula mahindi yetu, tukanywa maziwa yetu, nao wa mjini wakalala njaa." Sisi twalikataa neno hili. Hatulikatai kwa sababu ya kiburi kilichomo, ingawa kimo. Twalikataa kwa sababu ni uongo, tena ni uongo unaotugharimu fedha.

Kwanza tukumbushane siku zilivyokwenda, maana watu husahau upesi. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kwamba ugonjwa ule umekuwa wa dunia nzima. Siku mbili baadaye Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza, na kabla mwezi haujaisha Uganda nayo ikatangaza wake. Shule zikafungwa. Tarehe 27 Machi amri ya kutotoka nje usiku ikaanza katika Kenya, na tarehe 6 Aprili njia za kuingia na kutoka Nairobi zikafungwa, zisifunguliwe mpaka mwezi wa Julai. Uganda walikwenda mbele zaidi: magari ya abiria yalikatazwa, kisha hata magari ya watu binafsi, na wauzaji wa vyakula wa Kampala wakaambiwa walale humo humo sokoni wasirudi makwao. Hatusemi kwamba amri hizo hazikuwa na sababu. Ugonjwa uliua watu, na serikali ambayo isingefanya lolote ingalilaumiwa zaidi. Tunalosema ni kwamba kila amri ina gharama yake, na gharama sharti ilipwe na mtu. Swali letu ni moja tu: ni nani aliyelipa?

Tuwasikilize watu wa hesabu. Kitabu cha uchumi cha Serikali ya Kenya kilichotolewa mwaka 2021 chaonyesha ya kwamba pato la nchi katika mwaka 2020 lilipungua kidogo, kama sehemu 0.3 katika mia. Ukitazama juu juu utasema si neno. Lakini fungua ndani. Kazi ya mahoteli ilianguka karibu nusu yake nzima. Kazi ya elimu ilipungua kwa sehemu zaidi ya 10 katika mia. Nacho kilimo kikapanda, karibu sehemu 5 katika mia. Maana yake ni nini? Ni kwamba nchi ilipoteleza, jembe ndilo lililoishika mkono isianguke kifudifudi. Hilo walau limeandikwa, nasi twashukuru.

Lakini kitabu hicho hicho chasema ya kwamba ajira zaidi ya 700,000 zilipotea mwaka ule. Hapa twaomba msomaji ayasome na yale maneno madogo yanayofuatana na hesabu hiyo: ni ajira zilizo nje ya kilimo kidogo na ufugaji. Yaani mtu mwenye ekari mbili na ng'ombe mmoja hayumo. Basi fikiri habari ya kijana aliyekuwa mpishi katika hoteli ya Mombasa. Alipoachishwa kazi, kitabu kilimwona. Mwisho wa Machi akapanda basi, akashuka njia panda na sanduku lake, mkewe na watoto wawili nyuma yake, akaingia ua wa baba yake. Kuanzia hapo kitabu hakimwoni tena. Kilimwona akitoka, hakikumwona akiingia. Na yule baba aliyempokea hakikumwona kabisa, wala kabla ya ugonjwa wala baada yake.

Na sasa tufanye hesabu ambayo kitabu hakikuifanya. Si ngumu, mtoto wa darasa la tano aiweza. Chukua nyumba moja, si ya mtu fulani, bali nyumba ya kawaida: baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto watatu. Ni vinywa sita. Wamevuna magunia kumi ya mahindi, ya kilo 90 kila moja. Wazee wetu hukadiria gunia moja kwa kinywa kimoja kwa mwaka, au karibu yake, hivyo magunia sita yataliwa. Moja ni la mbegu, na vibarua, na wageni wa siku mbili tatu. Matatu yaliyobaki huuzwa, na fedha yake ndiyo karo ya binti aliye sekondari, pamoja na chumvi, sabuni na dawa. Mwanzo wa Aprili waingia watu wanne kutoka mjini, nao wakaa mpaka mwisho wa Desemba. Vinywa vinne kwa miezi tisa ni sawa na kinywa kimoja kwa miezi 36, yaani miaka mitatu, yaani magunia matatu. Yale magunia ya karo yamekwisha, wala hakuna aliyeiba.

Tarehe 4 Januari 2021 shule zote za Kenya zilifunguliwa, na karo ikatakiwa. Ghalani hamna kitu. Baba afanye nini? Amtoa mtamba aliyekuwa azae mwaka ule, ampeleka mnadani, akute na jirani zake wote wamewaleta wao siku hiyo hiyo kwa shida ile ile. Mkiuza wote pamoja mnunuzi ndiye apangaye bei. Au pengine hana mtamba, basi binti abaki nyumbani "mpaka muhula ujao," na sote tulio walimu twajua muhula ujao ni muhula gani. Tuliita majina ya watoto siku ile, na baadhi ya majina hayakuitikiwa. Hayo yote ni fedha. Mtamba ni mtaji, mbegu ni mtaji, na akili ya mtoto aliyekuwa asome ni mtaji mkubwa kuliko yote. Tajiri akipoteza mtaji wake, magazeti huandika kwamba kampuni imepata hasara ya mamilioni. Mkulima akiupoteza wake, huandikwa kwamba kilimo kimestahimili.

Hesabu hiyo ni ya kilichotoka ghalani. Ipo na ya kile ambacho hakikuingia. Nyumba nyingi za mashamba huishi kwa mikono miwili, mmoja wa jembe na mmoja wa mwana aliye mjini, atumaye kidogo kila mwisho wa mwezi. Machi 2020 ada ya kutuma kwa simu fedha isiyozidi shilingi 1,000 iliondolewa katika Kenya, ikawa hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Lilikuwa jambo jema. Lakini waweza kuusafisha mfereji upendavyo. Kisima kikikauka hapiti maji. Mtumaji mwenyewe alikuwa amekaa jikoni kwa mama yake akila viazi.

Hapa wako watakaotupinga kwa kusema ya kwamba fedha kutoka ng'ambo hazikupungua. Ni kweli. Mwezi wa Aprili 2020 Benki ya Dunia ilibashiri ya kwamba fedha watumazo ndugu zetu walio ng'ambo kwa nchi za Afrika kusini ya Sahara zingepungua karibu robo. Lakini Wakenya walio ng'ambo walituma mwaka ule zaidi ya dola bilioni 3, kupita mwaka uliotangulia. Twawasifu, maana wengi wao walifanya kazi za hospitali na za kutunza wazee, katikati ya ugonjwa wenyewe. Lakini ndugu aliye Marekani si wa kila nyumba. Katika vijiji vyetu nyumba zenye mtu ng'ambo zahesabika, na aghalabu ndizo zile zenye bati tangu zamani.

Tena tusisahau ya kwamba huko Marekani serikali yao yenyewe ilifungua mkoba. Sheria waliyoipitisha mwezi wa Machi 2020 ilikuwa ya dola trilioni 2.2, na ndani yake kila mtu mzima ambaye mapato yake hayakupita kiasi kilichowekwa alipewa dola 1,200. Aliambiwa akae nyumbani, akapewa na cha kula akiwa amekaa. Sisi tuliichukua amri ile tukaacha mkoba, kwa sababu mkoba hatukuwa nao. Mtu alaye kwa kazi ya siku, kumwambia akae nyumbani ni kumtoza kodi. Na kodi yenyewe ni chakula chake chote cha siku ile.

Lakini mtasema, je, serikali zetu hazikutoa kitu? Zilitoa, na hapa ndipo penye moyo wa manung'uniko yetu. Tazama jinsi zilivyotoa. Katika Kenya, mwezi wa Aprili 2020, watu wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mshahara, na wakubwa waliokuwa wakitozwa sehemu 30 katika mia wakatozwa 25, mpaka mwisho wa Desemba. Neno zuri, lakini asiye na mshahara hana kodi ya mshahara ya kusamehewa. Kodi ya bidhaa ilishushwa kutoka sehemu 16 mpaka 14 katika mia. Nao unga wa ugali haukuwa na kodi hiyo tangu mbeleni. Vijana walipewa kazi ya kufagia na kuzibua mifereji, katika mpango ulioitwa Kazi Mtaani. Jina lenyewe lasema. Ulikuwa wa mitaa ya makazi duni ya mijini. Wa kijijini hakuna aliyeuona. Katika Uganda chakula kiligawiwa, kilo 6 za unga na kilo 3 za maharagwe kwa mtu, lakini ni Kampala na Wakiso. Na Julai 2021 amri zilipokazwa mara ya pili, shilingi 100,000 za Uganda zilitolewa kwa nyumba za maskini, nazo ni za miji na manispaa. Tusidhulumu mtu: katika Kenya posho ya wazee waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, ilifika na vijijini, na serikali iliongeza fedha ili malimbikizo yalipwe. Lakini posho hiyo ilikuwako kabla ya korona. Mzee yule alipewa kwa sababu ya uzee wake. Kwa sababu ya wajukuu wanne walioshuka njia panda hakupewa hata senti.

Twajibiwa ya kwamba mjini ndiko kulikokuwa na njaa, kwa hiyo msaada sharti uende kulikokuwa na njaa. Jibu hili lina nusu ya kweli. Mtu wa Kibera hana shamba, hana kuku, na chumba chake hulipiwa kodi kila mwezi. Hatumwonei wivu kwa unga aliopewa. Nusu ya pili ndiyo tunayoitaka isemwe. Kwa nini njaa ya mjini haikuwa kubwa kuliko vile ilivyokuwa? Ni kwa sababu maelfu kwa maelfu waliondoka wakaja kwetu, na wengine waliobaki walipelekewa viazi na ndizi katika mabasi njia zilipofunguka. Msaada mkubwa kuliko wote uliotolewa katika nchi zetu wakati wa korona haukutoka hazina ya serikali wala katika benki ya ng'ambo. Ulitoka katika maghala ya miti na udongo, nao ulitolewa na wanawake kwa kibaba.

Na yupo mwenye kutukemea kwa jina la undugu. "Je, mwataka kulipwa kwa kumlisha mwana wenu?" La, hatutaki. Mwana ni wetu, na ugali ni wake. Lakini undugu si ghala lisilokwisha, nao wanaoutaja sana undugu ni wale waliokuwa na wajibu wa kusaidia wakaona umekwisha kusaidiwa. Mtu akikubebea mzigo wako bure, walau jua uzito wake. Tunataka kuhesabiwa, kwa sababu kisichohesabiwa hakiwekewi akiba, na ugonjwa mwingine ukija utalikuta ghala lina nyufa za ule wa kwanza.

Habari ya Yusufu na maghala ya Misri twaifundisha watoto kila mwaka, na kila mwaka twamsifu Yusufu kwa hekima yake. Ni vigumu mtoto aulize nafaka ile ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa wakulima wa Misri, sehemu moja katika tano ya mavuno yao; na njaa ilipokuja waliuziwa hiyo hiyo, kwanza kwa fedha, kisha kwa mifugo, mwisho kwa mashamba yao wenyewe. Hatusemi Yusufu alikosa. Twasema mkulima asome habari ile mara ya pili, akiwa amesimama upande wa wakulima.

Sasa twende kwenye deni. Nchi zenye nguvu zilipokopa mwaka 2020 zilikopa fedha zao wenyewe, kwa riba ndogo. Nchi zetu hukopa dola, na dola hatuzichapi. Benki ya Dunia imekadiria ya kwamba katika mwaka ule mmoja watu kama milioni 70 duniani waliingia katika umaskini wa kupindukia. Basi dunia ilifanya nini? Kundi la nchi 20 kubwa liliruhusu nchi maskini ziahirishe malipo ya madeni kuanzia Mei 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2021. Kuahirishwa si kusamehewa, ni kama mwenye duka kukuambia, "Leo usilipe, ila kesho ulipe ya leo na ya kesho." Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liligawa akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650 kwa nchi zote wanachama. Afrika nzima ilipata kama bilioni 33. Mgawo ulifuata ukubwa wa hisa za kila nchi, yaani uji uligawiwa kwa kadiri ya bakuli ambalo kila mtu alikuja nalo, na aliyekuja na njaa kubwa ndiye aliyekuwa na bakuli dogo. Zambia ilishindwa kulipa mwezi wa Novemba 2020. Ghana ikasimamisha malipo mengi ya nje Desemba 2022.

Kenya haikushindwa, lakini tazama ilivyoponea. Mwezi wa Februari 2024 ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba iliyokaribia sehemu 10 katika mia, ili ipate kulipa mkopo wa mwaka 2014 uliokuwa umefika siku yake mwezi wa Juni. Na mwezi huo huo wa Juni, kwa sababu ya mswada wa kodi mpya, vijana wakajaa barabarani, damu ikamwagika, mswada ukaondolewa. Hatutasema kwamba deni lote hilo ni la korona. Reli ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na mengi yalikopwa kabla mtu hajalisikia jina la ugonjwa. Lakini mtu aliyekuwa tayari na mzigo kichwani, ukimwongezea mtoto mgongoni, usiseme kilichomchosha ni kile cha kwanza peke yake.

Na deni hili mkulima hulilipa ingawa hakuambiwa. Hulilipa katika mafuta ya taa, na sabuni, na nauli. Hulilipa katika mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulifika shilingi 6,500, mpaka serikali ikaamua mwezi wa Septemba kuuza wa ruzuku kwa 3,500. Sababu zilikuwa nyingi, na vita ya Ukraine iliyoanza Februari 2022 ilikuwa mojawapo. Lakini bei zilikuwa zimekwisha kupanda mwaka 2021, nauli za meli zilipoparaganyika baada ya ugonjwa. Mwenye kupanda bila mbolea mwaka ule alivuna kidogo. Basi yule baba wa magunia kumi, aliyekula mtaji wake mwaka 2020, alikutwa na mbolea ya bei hiyo akiwa hana mtamba wa kuuza tena. Mnaosema haukutugusa, mtu huyu aliguswa na nini?

Jambo moja zaidi, nalo ni la kazi yetu. Sisi tulioajiriwa na Tume tulipokea mshahara wetu kila mwezi hata shule zikiwa zimefungwa, na twalisema wazi ili mtu asidhani twalia kwa ajili ya matumbo yetu. Wenzetu wa shule za watu binafsi walikaa bila kitu. Wengine waliuza mboga, na ilijulikana shule ambayo madarasa yake yaligeuzwa mabanda ya kuku. Katika Uganda shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa madarasa machache machache, zikafungwa tena, zisifunguliwe kwa wote mpaka Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyokaa muda mrefu kuliko huo. Watoto wa mjini wenye wazazi wa uwezo walisoma kwa simu na kompyuta. Watoto wa mashamba waliambiwa wasikilize redio, na redio yataka betri, na betri yataka fedha. Wengi walikwenda kukata miwa na kuponda mawe. Mtoto aliyeonja shilingi ya kuponda mawe akiwa na miaka kumi na mitatu, mwalimu apambanaye kumrudisha kwenye sehemu za desimali ana kazi. Hasara hii haitaonekana katika kitabu cha mwaka mmoja. Itaonekana pole pole kwa miaka arobaini, katika mishahara ambayo watoto hawa hawataipata, na hapo hakuna atakayekumbuka kuiandika chini ya jina la korona.

Je, yako mambo ambayo yangaliweza kufanywa? Yako, tena hayakuhitaji utajiri wa Marekani. Tazama India. Huko nako amri ilitangazwa jioni ya tarehe 24 Machi 2020, ianze usiku ule ule, na mamilioni ya vibarua wa mijini wakarudi vijijini, wengi kwa miguu, mwendo wa siku nyingi, na baadhi wakafa njiani. Lilikuwa jambo baya, wala hatuliweki kuwa mfano. Mfano ni kile walichokikuta huko walikofika. India ilikuwa na sheria tangu mwaka 2005, iliyompa kila mwenye nyumba wa kijijini haki ya kudai kazi ya siku 100 kwa mwaka, kuchimba visima na mabwawa na kutengeneza njia, kwa malipo ya serikali. Daftari za majina zilikuwako, na njia ya kulipia ilikuwako. Mei 2020 serikali iliongeza humo rupia bilioni 400, na katika mwaka ule wa fedha nyumba zaidi ya milioni 70 zilifanya kazi hiyo. Malipo yalichelewa mahali pengi, wala hayakuwa makubwa. Lakini mtu aliyerudi kwa baba yake alikuwa na kitu cha kuweka mezani, na gunia la karo likakaa siku chache zaidi.

Hicho ndicho tukitakacho: mpango wa kazi wa vijijini ulioandikwa na kuwekewa fedha kabla ya shida, si baada. Visima vyetu havijachimbwa, mito yataka madaraja, na makorongo yala mashamba, kazi haikosekani. Twataka na orodha ya nyumba, ili siku msaada ukitolewa usisimame penye lami. Wasituambie kijiji hakifikiki: anayeuza vocha za simu hutufikia kila siku, na mgombea kura hutufikia kila baada ya miaka mitano, hata palipo na matope. Twataka pia ile hesabu ya ajira iache kuandikwa kana kwamba mwenye jembe dogo hana kazi ya kupoteza.

Lakini serikali haitayafanya hayo maadamu sisi wenyewe twasimama barazani tukicheka na kusema haukutugusa. Mkisema haukutugusa, karani yuko pale, naye aandika: haukuwagusa. Kisha karatasi yake huenda makao makuu, na huko hugawa fedha kwa karatasi. Huu ndio ubaya wa kiburi kile tulichokitaja mwanzo. Mtu huona haya kusema ya kwamba wana wake walirudi mikono mitupu, akaona ni heri ajisifu kuwa alishiba. Aibu ni ya nini? Mkulima aliyewalisha watu wanne kwa miezi tisa amefanya ambalo mawaziri wa fedha wa nchi nyingi walishindwa.

Basi kila nyumba na iwe na daftari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na mikutano ya bajeti huitishwa katika kaunti. Aghalabu huhudhuriwa na watu wachache wa mjini na vijana waliokuja kwa ajili ya soda. Tuhudhurie sisi, tukiwa na maandishi. Daftari ya shilingi ishirini yatosha. Andika mavuno, na tarehe. Andika walioingia nyumbani, siku waliyoingia na siku waliyotoka. Andika kilichouzwa kabla ya wakati wake, na bei yake, na bei ambayo kingaliuzwa. Andika mtoto aliyekosa shule, na sababu. Na daftari yenyewe apewe mama wa nyumba aiweke, maana baba ajua magunia yaliyoingia ghalani, lakini mama ndiye ajuaye ni vibaba vingapi vilivyotoka, na vilikwenda kwa nani.